Kipima fosfeti cha Hanna HI774: namba kwanza, dawa baadaye

Nianze na hukumu, mwenye haraka asije akachokea njiani. Katika vyote nilivyonunua kupambana na mwani kwenye tangi langu la matumbawe, hiki kidude cha kampuni ya Hanna kiitwacho Checker HI774 ndicho pekee ambacho kikinipotea leo, kesho naenda kununua kingine. Nacho hakiui mwani hata unyuzi mmoja. Hakimwagi dawa, hakichuji maji, wala hakiingii ndani ya tangi. Kazi yake ni kukwambia fosfeti, hicho chakula cha mwani, imo kiasi gani kwenye maji, basi. Aliyewahi kulisugua kwa mswaki jiwe lile lile kila Jumapili, na kufikia Jumamosi akalikuta limeota nywele upya, ataelewa kwa nini naiona kazi hiyo kubwa.

Tangi lenyewe ni la lita 450, futi tano, liko sebuleni kwangu hapa Leicester. Ndani mna samaki kangaja wa njano, tafi mmoja wa njano pia mwenye uso wa mistari myeusi na myeupe, samaki wa anemoni wawili, matumbawe laini mengi na machache yale ya kujenga mawe. Mama yangu ni mkulima wa mwani Jambiani, Zanzibar. Nilipomwonesha tangi kwenye simu nikamweleza navyohangaika, alinikodolea macho. "Sisi twangojea bamvua tukafunge mbegu kwenye kamba, wewe mwanangu waung'oa ukaumwage chooni?" Halafu akamwona tafi. "Na huyo mwizi umemtia ndani kabisa!" Kwao tafi ni adui, anakula zao kwenye kamba kabla halijavunwa. Kwangu ni mfanyakazi, tena hadai mshahara.

Mwani wangu si ule wa mama. Ni mwani wa nywele: kijani, mwororo, ukiuvuta unakatikia mkononi na mizizi inabaki kwenye jiwe. Nausema wazi kwa sababu watu wanachanganya, na kila kimoja kina njia yake. Kuna Bryopsis, ambao ukiutazama kwa karibu kila kijiti chake kimepangwa kama unyoya wa ndege; huo watu huutibu kwa fluconazole, dawa ile ile ya fangasi wanayopewa binadamu. Kuna ule utando mwekundu unaobanduka kama karatasi, ambao kwa haki si mwani bali ni sayanobakteria, na fluconazole haiugusi. Kuna vumbi la kahawia la tangi jipya, dayatomu, ambalo huja na silika ya kwenye maji na mara nyingi huondoka lenyewe. Mwani wa nywele hauna siri. Unapewa chakula, unakula, unanenepa. Chakula chake kikubwa ni fosfeti na naitreti, na mwanga juu yake.

Kabla ya kidude hiki nilipita njia wanayopita wengi. Duka moja, jina nalihifadhi, liliniuzia chupa iliyoandikwa kwamba ndani mna bakteria wazuri watakaokula uchafu wote. Kifuniko kimoja kila wiki, nikaambiwa. Mwani ulipauka kweli, ukawa mweupe, ukaangukia mchangani, nikashangilia. Baadaye ukarudi, umenona kuliko mwanzo. Sasa najua sababu: mwani uliokufa ndani ya tangi hauendi popote. Unaoza, na fosfeti yote iliyokuwa mwilini mwake inarudi kwenye maji, tayari kwa kizazi kinachofuata. Niliporudi dukani kuuliza fosfeti yangu ni ngapi, kijana alichovya kijikaratasi, akakilinganisha na vibandiko vya rangi kwenye kopo, akasema, "Iko sawa tu, dada." Sawa ndiyo ngapi? Kwenye lile kopo kibandiko cha kwanza kilikuwa sifuri na cha pili 0.25 (miligramu kwa lita, kama namba zangu zote za fosfeti humu), na tofauti ya rangi yake macho yangu hayakuiona, yake nadhani hayakuiona pia. Wafugaji wengi wa matumbawe hulenga fosfeti kati ya 0.03 na 0.10 hivi. Yaani kila kilicho na maana kwetu kiko kati ya vibandiko viwili vya mwanzo, mahali ambapo karatasi ile ni kipofu.

HI774 inasoma kuanzia 0.00 hadi 0.90, kwa hatua za 0.01. Kinaenea kiganjani, kina kitufe kimoja, kioo kidogo, na tundu juu la kuingizia kichupa. Betri ni moja, ya AAA. Unatia maji ya tangi kwenye kichupa mpaka alama ya mililita 10, unakifuta, unakiingiza, unabonyeza. Hapo kimeyajua maji yako yakiwa matupu, kinakuandikia C.2 kukuomba kichupa cha pili, ingawa wengi wetu tunatumia kile kile. Unakitoa, unatia unga wa mfuko mmoja, unafunika, unatikisa taratibu dakika mbili. Unarudisha, unabonyeza kitufe bila kukiachia, saa yake inaanza kuhesabu dakika tatu kurudi nyuma. Unga ukikutana na fosfeti maji yanageuka buluu, na taa iliyomo ndani inapima ubuluu huo. Kwenye tangi zuri ubuluu wenyewe ni hafifu kiasi kwamba lazima ushike kichupa mbele ya karatasi nyeupe ndipo uuone.

Kazi yote iko kwenye mkono wa mpimaji, na hapa ndipo nataka nikae kidogo. Mfuko wa unga ni mdogo kama kucha ya dole gumba na mdomo wa kichupa ni mwembamba. Mimi naupigapiga mfuko kwanza unga ushuke chini, nakata upande mzima wa juu kwa mkasi, nauminya pembeni mpaka unafanya mdomo wa birika, ndipo namimina. Kisha nautazama ndani dhidi ya taa. Karibu kila mara kuna unga umejificha pembeni. Nauchokoa mpaka uishe. Ukibaki, kipimo kinadanganya. Kichupa nakifuta kwa kile kitambaa cha miwani, maana alama moja ya kidole kwenye glasi inazuia taa na kidude hakijui tofauti ya dole na buluu. Viputo vya hewa ni vivyo hivyo. Baada ya kutikisa nakigongesha kidogo mezani ili viputo vipate kupanda juu. Na kichupa nakiingiza kikitazama upande ule ule mara zote mbili, nimekitia nukta ya kalamu kwenye kifuniko. Maji nayapima kwa bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, wala sitegemei jicho. Ukiyafanya hayo, maji yale yale ukiyapima mara mbili yanakupa namba mbili za jirani. Usipoyafanya, utaandika maoni ya hasira mtandaoni kwamba kifaa kibovu.

Kitu cha kwanza ninachomshauri kila mnunuzi kupima si tangi. Ni maji ya bomba. Hapa Uingereza makampuni ya maji kwa sehemu kubwa hutia fosfeti kwenye maji ya kunywa makusudi, ili itande ndani ya mabomba ya zamani ya risasi na kuzuia risasi isiingie kwenye maji ya watu. Kwa afya ya binadamu ni jambo jema. Kwa tangi la matumbawe ni mbolea. Kipimo cha kawaida ni karibu miligramu 1 ya fosforasi kwa lita, ambayo ukiigeuza kuwa fosfeti ni kama miligramu 3, mara 30 ya kile kikomo cha juu tunachokilenga. Nilipoweka maji ya jikoni kwangu, hakikuhitaji karatasi nyeupe: kichupa kilikuwa buluu kama wino, na kioo kikawa kinapepesa 0.90, 0.90, maana zaidi ya hapo hakiwezi kusoma. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Alikitazama kichupa, akakitazama kikombe, akanywa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba anapigana na mwani huku anachanganya chumvi yake na maji ya bomba, namwambia asinunue hata hiki kidude. Anunue kwanza mashine ya RO ya kusafisha maji, ile ya utando yenye chujio la resini mwishoni, kisha arudi tuzungumze. Yangu ilikuwapo tayari. Kipimo kiliniambia tu kwamba inafanya kazi: 0.00. Resini ikichoka naona kwa kidude hiki pia, ingawa kile kijiti cha kupima chembe zilizoyeyuka kinaona mapema zaidi na ni rahisi.

Basi nikapima tangi. Mawe yalikuwa yamevaa nywele za urefu wa kidole, na namba ikatoka 0.04. Namba ya kupigiwa mfano! Mtu asiyejua angesema fosfeti haina makosa, tutafute mchawi mwingine. Lakini kipimo kinasoma kilichobaki majini baada ya kila mlaji kula, na mlaji mkubwa pale alikuwa mwani wenyewe. Alikuwa anaifyonza fosfeti kwa kasi inayoingia. Nilitoa mawe yaliyoweza kutoka, nikayang'oa nywele kwenye ndoo ya maji ya chumvi, yaliyobaki nikayang'olea ndani huku mpira wa kunyonya maji ukivuta vipande visitawanyike. Nikapima tena siku zilizofuata, na namba ikaanza kupanda hadi 0.19. Hapo ndipo nilipoliona deni halisi la tangi langu. Kijikaratasi kisingenionesha hilo kamwe.

Deni linatoka wapi? Kwenye chakula, mara nyingi. Kila kipande cha kamba wadogo walioganda unachokitumbukiza kina fosforasi, na kisichotoka kwa skima (mashine inayotoa uchafu kwa povu), kwa kubadilisha maji au kwa mkono wako, kinabaki humo. Nimeacha kuyamwaga tangini yale maji ya barafu iliyoyeyuka, nachuja kwa kichujio cha chai kwanza. Kangaja na tafi nawapa karatasi za mwani mkavu, zile za kufungia wali wa Kijapani. Ndiyo, nanunua mwani niutie ndani ya tangi ninalotoa mwani. Mama sijamwambia.

Nikaongeza punje za oksidi ya chuma, zile nyekundu zinazonasa fosfeti, kwenye chombo chake kinachopitisha maji polepole. Na hapa tena kidude kilinizuia nisifanye pupa. Namba ilishuka hadi 0.11, nikafurahi, baada ya muda ikawa 0.16 na chakula sikuongeza. Mawe ya matumbawe ni chokaa, na chokaa hunasa fosfeti ikiwa nyingi majini kisha huitema ikipungua. Mawe yaliyoshiba kwa miaka hayamalizi kutema kwa wiki moja. Asiyepima angedhani punje ni feki. Anayepima anabadilisha punje kidogo kidogo, anaona kila mara kilele kinakuwa kifupi kuliko cha nyuma. Yangu sasa inazunguka 0.05 hadi 0.08 na hapo naiacha.

Naiacha, siishushi zaidi, na hili naomba lisomwe mara mbili. Matumbawe yenyewe yana mwani ndani ya nyama yake, vijimea vidogo vinavyoishi humo na kuwalisha sukari kutokana na jua. Ukiutia njaa mwani wote wa tangi, na huo umo. Shoga yangu mmoja anaishi Maskati, ana tangi kubwa kuliko langu na bidii kuliko yangu. Maji ya bomba ya kule kwa sehemu kubwa ni ya bahari iliyotolewa chumvi, kwa hiyo mbolea ya bombani kama yetu hana. Yeye alitia punje kwa kilo, akapima kwa rangi za macho, akaambiwa sifuri, akaona ameshinda. Matumbawe yakapauka. Kisha ukaja ute wa kahawia wenye nyuzi na viputo vya hewa kwenye ncha, asubuhi mchanga mweupe, alasiri kamasi tupu, na konokono wakawa wanakufa. Hizo ni dinoflajeleti, hupenda mno tangi lililofagiliwa fosfeti na naitreti zote, na baadhi zina sumu. Nilimshauri anunue HI774, akaanza kutia fosfeti kwa makusudi, chupa ya matone, mpaka kipimo kisome kitu. Aliniandikia: "Yaani mimi sasa nanunua nilichokuwa nalipia kutoa?" Ndivyo. Kutoka kamasi hadi mwani wa kijani kibichi wa kawaida ilikuwa sherehe kwake, akanitumia picha.

Sasa mipaka ya kifaa. Kampuni yenyewe imeandika kwamba usahihi wake ni 0.02 juu au chini, na asilimia 5 ya namba iliyosomwa. Tafsiri yake nyumbani: kikisema 0.03, ukweli unaweza kuwa 0.01 au 0.05. Sasa 0.01 karibu ni njaa na 0.05 ni heri. Kwa hiyo namba moja pekee isikupe presha wala usingizi. Mimi naandika kwenye daftari, siku ile ile ya wiki, saa ile ile kabla ya kulisha, naangalia mstari unaelekea wapi. Kupanda kutoka 0.05 hadi 0.06 si habari. Kupanda wiki nne mfululizo ni habari.

Kampuni hiyo hiyo ina ndugu yake, HI736, inayopima fosforasi kwa sehemu za bilioni, na wengi wanaisifu kwamba ndiyo sahihi zaidi. Usahihi wake ni sehemu 5 za bilioni na asilimia 5. Lakini kumbuka ile ni fosforasi, si fosfeti. Lazima uzidishe kwa 3.066 kisha ugawe kwa elfu. Ukifanya hesabu hiyo, zile 5 zinakuwa kama 0.015 ya fosfeti. Ni afadhali kidogo kuliko 0.02, na mwisho wake ni 200, yaani fosfeti 0.61 hivi, mapema kuliko 0.90 ya hii. Mimi ningechagua HI774 kwa sababu moja ya kivivu: namba inayotoka ndiyo namba ninayoitaka, sihitaji kikokotoo usiku wa saa nne nikiwa na mikono ya chumvi.

Naitreti haipimi. Itakubidi uwe na kipimo kingine, na usiache, kwa sababu mwani na matumbawe vyote vinataka zote mbili. Hakitakwambia pia kama taa zako zinawaka saa nyingi mno, au kama huna walaji. Pale kisiwani Chumbe, Zanzibar, ambako uvuvi umekatazwa, tafi, kangaja na pono wanatafuna mwani juu ya mawe kutwa, ndiyo maana ukichungulia chini ya maji huoni mawe yenye ndevu. Tangini inabidi uajiri. Tafi na kangaja wanataka tangi kubwa kama hili langu, na tafi ana miiba ya sumu mgongoni, asiyeamini amuulize mvuvi yeyote. Mwenye tangi dogo atafute konokono, na kama duka linao wale wa Trochus achukue hao, kwa kuwa wakipinduka mchangani hujigeuza wenyewe. Ila mwani ukishakuwa mrefu hakuna anayeutaka, konokono wala tafi. Lazima uupunguze kwa mkono kwanza, ndipo wao washike machipukizi.

Bei: nilikinunua kwa pauni 60 na ushee, na mifuko 25 ya unga inanigharimu pauni kumi na kitu. Ukipima mara moja kwa wiki, pakiti inakufikisha karibu nusu mwaka. Linganisha na zile chupa za vifuniko kila wiki. Tazama tarehe ya mwisho kwenye mifuko kabla ya kulipa, khasa ukiagiza mbali, kwa sababu unga uliopitwa na wakati sijui mtu anauamini vipi. Walioko Mombasa au Dar, ambao wanaagiza kila kitu kwa wasafiri, wamwambie msafiri alete na kichupa cha akiba. Ni glasi, na sinki la jikoni halina huruma. Kichupa nikimaliza nakisuuza kwa maji ya RO pale pale, maana ule ubuluu ukikauka ndani unaacha ukungu.

Kwa mwenye tangi la samaki tu, bila matumbawe, sioni haja. Abadilishe maji na apunguze mkono kwenye kulisha. Kwa mwenye matumbawe na ndevu za kijani, nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya zile 0.02.